Nani Atalizuia Jeneza la Ami

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ameshatangaza kufa mara nyingi hata sisi jamaa zake wa Likoni hatushtuki tena. Akipiga chafya, huniita kuniusia. Muhogo ukimkaa kifuani, huniita kuniusia. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimesimama mbele ya watoto watundu miaka na miaka, lakini sijapata kuona mtundu wa kumfikia huyu mzee anayeugua kwa raha zake. Kwa hivyo siku aliponiita akasema ana neno zito juu ya maziko yake, nilimaliza kwanza kusugua sufuria ndipo nikaenda.

Neno la safari hii lilikuwa jipya. Nani amwoshe, nani amswalie, alazwe karibu na nani, hayo yote nilikuwa nayo kichwani kama jedwali la kuzidisha. Alichotaka kujua sasa ni nani atakayelizuia jeneza lake.

Mgeni akisikia hivyo hudhani tuna ugomvi, kwa hivyo nieleze. Ami alikuwa golikipa wa timu ya Likoni zama ambazo mpira ulikuwa wa ngozi na viatu vilikuwa vya kuazimana. Timu yetu na timu ya Changamwe walikuwa watani. Sisemi watani wa jadi wale wanaotangazwa redioni kila mwisho wa wiki ili watu wanunue tikiti. Nasema watani hasa, wa kutukanana harusini na kuzuiana mazikoni. Akifa mchezaji wetu, watu wa Changamwe walivuka feri wamevaa fulana ndani nje, wakaketi mlangoni pa msiba, wakapuliza firimbi na kuweka mpira mbele ya jeneza. Maiti hatoki mpaka deni lilipwe. Sisi tulibisha, tukaomba, tukatoa kahawa na halua, mwisho wakainuka huku wakiapa kwamba deni liko pale pale. Kisha wao ndio waliokuwa wa kwanza kutia bega chini ya jeneza. Akifa wa kwao, nasi tulikwenda Changamwe kuwasumbua vivyo hivyo.

Deni lenyewe lilikuwa penalti, na mdaiwa alikuwa Ami. Ilikuwa fainali, uwanjani kwao Changamwe, hakuna aliyefunga, na refa akawapa wenyeji penalti mchezo ukiwa ukingoni. Mpigaji wao alikuwa winga wa kushoto ambaye, kwa maelezo ya pande zote mbili, hakuwahi kukosa. Akauweka mpira, akarudi nyuma kuvuta pumzi. Ami akatoka golini taratibu, kama mtu anayekwenda kumuuliza refa jambo. Akauinamia mpira, akautia kwapani, akakimbia. Alikata sokoni, akadandia lori lililokuwa likishuka kuelekea kisiwani, na nyuma yake timu nzima ya Changamwe, na nyuma ya timu refa na firimbi yake. Mpira ulikuwa huo mmoja tu. Fainali ikafia hapo na kombe likakosa mwenyewe. Nyanya yangu aliukata ule mpira akatilia makubadhi soli, kwa hivyo hata ushahidi ulivaliwa ukaisha. Mpaka leo Ami hushikilia kwamba alisikia refa akimaliza mchezo. Hakuna mwingine aliyesikia.

Sasa, kilichomtia Ami hofu ni maziko ya beki wa kulia, rafiki yake wa chanda na pete na mchezaji pekee wa timu ile aliyekuwa amebaki naye duniani. Maiti ilioshwa, ikakafiniwa, jeneza likaletwa ukumbini. Ami alijiweka mlangoni na bakora yake, uso umemkunjuka, akingoja Changamwe. Halua alikwisha kunituma asubuhi. Vijana waliposhika jeneza aliwaambia wangoje kidogo, watani wako ferini. Wakangoja. Kila pikipiki iliyosimama nje, yeye alinyoosha shingo. Mwisho imamu akamwambia kwa upole kwamba wakati unapita, na jeneza likatoka pale mlangoni pasi na mtu kunena neno. Lilitoka upesi hata wengine walikuwa bado wanatafuta viatu vyao. Ami hakwenda makaburini. Aliketi barazani na kifurushi cha halua mapajani, na nilimwona akilia, na iliniuma sana kumwona vile.

“Wamemtoa kama gunia la makaa,” aliniambia. “Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumtaka abaki kidogo.”

Hilo ndilo neno zito aliloniitia. Watani wake wote wa Changamwe walikuwa wamekufa, na wana wao wametawanyika bara zima hili la kuzunguka kisiwa, wengine wamehama, wengine hawajui hata kama babu zao walicheza mpira. Yeye hakutaka kutoka mlangoni pake namna ile. Akanitaka nikamtafutie damu ya timu ile, hasa damu ya yule winga wa kushoto, kwa sababu penalti ilikuwa yake. Mwanawe Ami, binamu yangu, mtu wa dini na wa saa mkononi, alikumbusha kwamba maiti huharakishwa.

“Niharakishwe niende wapi?” akasema Ami. “Nna miadi na nani?”

Binamu alisema astaghfirullah akatoka nje. Mimi nikachukua mkoba.

Nilianza vibaya, na sitaki kujitetea, ingawa lawama nyingine ni za Changamwe wenyewe. Nilikwenda na miwani yangu na mwavuli, nikasimama nje ya msikiti baada ya alasiri, nikauliza kwa adabu nani ni mjukuu wa wachezaji wa zamani. Huku kwetu bara hakuna kitu cha kutia watu baridi kama mtu mzima mwenye mkoba anayeuliza nani mjukuu wa nani. Nusu ya watu wamejenga juu ya viwanja ambavyo hati zake ziko kwa mtu mwingine, au kwa watu wawili, au hazipo. Walidhani nimetumwa na wakili. Walionikaribisha kwa bashasha walipoa kabla chai haijapoa. Mmoja aliyekuwa ameniambia mwenyewe kwamba babake alikuwa nahodha, niliporudi siku ya pili aliapa wallahi kwamba babake hakuwa na miguu ya kuchezea mpira. Mzee mwingine alinikana kabisa kwamba hana babu. Hakusema hamjui, alisema hana. Nilimwuliza basi yeye alitoka wapi, akanionyesha njia ya kurudia.

Niliporudi mara ya tatu, habari zilikuwa zimenitangulia na kubadilika njiani, na zilikuwa zimefika hadi Kisauni. Huko walisikia kwamba nagawa fidia. Sijui nani alianzisha, lakini naielewa akili yake: waliopitiwa na reli kule Miritini walilipwa, basi na waliopitiwa na mpira haikosi nao watalipwa. Ghafla babu wakapatikana. Yule winga wa kushoto, ambaye Ami alijua fika kwamba aliacha binti mmoja tu, akapata wajukuu wa kujaza lori la kokoto la Mwakirunge. Walinifuata mpaka dukani nilikosimama kunywa maji. Kijana mmoja mwenye lafudhi ya mbali kabisa na pwani aliniambia, “Madam, guka yangu alikuwa noma kwa hiyo boli.” Nikamwuliza huyo guka, yaani babu kwa lugha ya kwao, alizaliwa mtaa gani wa Changamwe. Akanisihi nimpe muda akaulize. Nilimpenda kwa uso wake mkavu, na laiti ningeweza kumwandika kama akiba.

Nilirudi Likoni nimekasirika, miguu imevimba, nikamwambia Ami achague ugonjwa mwingine. Alicheka mpaka akakohoa. Nilitarajia aniusie, lakini hakuniusia. Akanifundisha kazi.

“Wewe wawauliza babu zao,” akasema. “Babu mtu humtunga. Waambie watoka Likoni, kisha nyamaza. Mwenye damu ya timu ile hawezi kujizuia.”

Nikaanza upya kwa dawa hiyo, na kusema kweli ilinipa raha kuliko ualimu. Nilikuwa nikifika kwa mtu, nasalimu, naketi, naitaja Likoni, kisha natulia. Wajukuu wa fidia walijiangusha wenyewe. Likoni kuzuri, walisema. Watu wa Likoni ni waungwana. Mmoja alisema babu yake alipokuwa akikata roho aliwausia wawapende watu wa Likoni. Huyo nilimwachia hata soda yangu, sikuimaliza.

Mambo yalikuja kukaa sawa Miritini, mahali malori yanapoegeshwa, katika hoteli ya mabati yenye supu na mahamri. Mwenye hoteli alikuwa mama wa makamo, mnene, kanga imekazwa kiunoni, anamimina chai kwenye vikombe bila kumwaga tone huku akigombana na dereva mmoja juu ya maegesho. Nilikuwa nimechoka, na sikuingia kwa kutafuta mtu, niliingia kwa njaa. Aliponiuliza nimetoka wapi na jua hili, nikajibu Likoni, kwa mazoea tu.

Mkono wake ukasita juu ya birika. Akageuza kichwa jikoni.

“Hesabuni vifuniko vya sufuria,” akasema. “Tumeingiliwa na mtu wa Likoni.”

Nilitaka kumkumbatia pale pale mbele ya madereva. Nilimwuliza kwa nini amesema hivyo, akaona haya kidogo, akasema hata yeye hajui. Ndivyo walivyokuwa wakisema kwao. Marehemu babu yake mzaa mama alimfundisha mama yake, na mama yake akamfundisha yeye, kwamba mtu wa Likoni akiingia kwako ufiche kila kitu cha mviringo. Walikuwa wakificha vifuniko, sinia, hata mapera. Hakuna aliyewaambia sababu, na yeye alidhani ni mambo ya kishirikina.

Basi nikaagiza chai ya pili nikamweleza sababu. Nilieleza penalti, kwapa, lori na refa aliyekimbia nyuma. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na dereva wa maegesho akacheka naye bila kujua anachocheka. Kisha akasema babu yake alitumia mguu wa kushoto, na mama yake ndiye aliyekuwa binti yake wa pekee; nikajua nimempata mwenye penalti. Akaniambia kwamba babu yake alipokufa yeye alikuwa mdogo, na watu wa Likoni walikuja wakakalia mlango, wakalificha jembe la kuchimbia kaburi, wakapiga kelele maiti hatoki. Yeye alilia kwa hasira. Aliwachukia. Halafu akawaona wale wale wamebeba jeneza mbele ya kila mtu, wanalia kuliko wajomba zake, na mmoja wao, mrefu mwenye mikono mikubwa kama pepeo, alirudi kumpa kipande cha halua. Hakuwahi kuelewa wale walikuwa maadui au nini.

Mikono hiyo niliijua. Ilikuwa ikinipokonya mahamri utotoni.

“Yu hai huyo mwizi?” akaniuliza.

Nikamwambia yu hai na ana haja naye, nikamweleza haja yenyewe bila kupamba: kwamba mzee anaogopa kutolewa mlangoni pake na asiwepo wa kusema bado. Hakuniuliza atapewa nini. Aliuliza tu kama fulana inavaliwa ndani nje juu ya buibui au chini yake. Na kwa kuwa alikuwa akijuana na watoto na wajukuu wa wachezaji wengine, wale wale walionikana msikitini, aliwapigia simu mmoja baada ya mwingine akawatukana kwa niaba yangu. Yule mzee asiyekuwa na babu alipatikana kuwa mtoto wa kiungo wao wa kati.

Walikuja Jumapili moja baada ya Idi. Ami alikuwa barazani tangu alfajiri, kanzu nyeupe, kofia ya vito, bakora mapajani. Firimbi ilisikika kabla hawajakata kona. Mama wa Miritini alitangulia, fulana ndani nje juu ya buibui, na nyuma yake kundi la Changamwe wakiimba mambo ambayo mwalimu mstaafu hawezi kuyaandika.

“Shikamoo, mwizi,” akasema alipofika.

“Marahaba, mwana wa wasiojua kufunga,” akajibu Ami.

Walitukanana kwa starehe mpaka adhuhuri. Waliwatukana marehemu, wakawaombea, wakawatukana tena. Binamu yangu mtu wa saa ndiye aliyeleta kahawa, na nikaona saa yenyewe ameivua. Ami alikuwa kijana. Alijinyoosha, alisimama bila bakora, alimwita kila mmoja kwa namba ya fulana ya babu yake. Furaha ilimzidi, na furaha ikimzidi Ami huharibu mambo.

Akaniamuru niingie ndani nitazame chini ya kitanda chake. Palikuwa na mpira, mpya, ungali ndani ya mfuko wa duka. Alikuwa amemtuma mtu amnunulie pasi na mimi kujua. Akavua makubadhi yake, akayaweka chini pale uani kuwa nguzo za goli, akasimama katikati, mikono ile ameitandaza.

“Ndoo upige,” akamwambia mama wa Miritini. “Leo tulimalize.”

Watu walishangilia. Mimi nilipandwa na hasira hata masikio yakanipata moto. Nimezunguka bara zima kumtafutia wadai, na yeye anataka kulipa deni mbele ya macho yangu! Mama akifunga, deni limekwisha. Akikosa, deni limekwisha. Wataiweka firimbi mfukoni warudi zao kwa amani, na siku ya siku ikifika hawatakuwa na neno la kumzuilia. Nilitaka kumkaripia, lakini alikuwa amesimama pale anacheka peke yake, na nilishindwa kumvunja furaha.

Mama aliuweka mpira chini. Akausawazisha kwa mguu wa kushoto. Akarudi nyuma, akapandisha buibui kidogo. Alimtazama Ami kwa muda. Kisha akanitazama mimi, na sijui aliona nini usoni pangu.

Akaja mbele taratibu, kama mtu anayekwenda kuuliza jambo. Akainama, akautia mpira kwapani, akakimbia.

Mwili ule sikudhani unaweza kukimbia. Alitoka mlangoni, akawapita wauza mihogo, akashika njia ya feri, na kundi lote la Changamwe likamfuata likipuliza firimbi. Ami alikuwa bado ametandaza mikono. Kisha akanyakua bakora akatoka nyuma yao bila viatu, anapiga kelele mtaa mzima usikie kwamba ameibiwa, mwizi huyo, mshikeni. Alifika kwenye kona pumzi zikamwisha. Mama aligeuka akiwa mbali, akauinua mpira juu ya kichwa.

“Siku yako tutauleta, Babu,” akapaza sauti. “Hutoki mpaka tupige.”

Nilimkuta Ami ameegemea ukuta wa nyumba ya watu, miguu imejaa vumbi, anacheka na machozi yanamtoka, na mimi pia yalinitoka. Tulirudi polepole. Binamu yangu alikuwa ameokota makubadhi. Aliponipa aliniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka kusikika na nafsi yake, kwamba ile halua huwa nainunua duka gani.

Jioni, baada ya magharibi, Ami akaniita. Nikaitika abee, nikaketi kando ya kitanda, tayari kuusiwa. Alikuwa amelala chali, mikono juu ya kifua, ametulia.

“Siku hiyo wakizuia,” akasema, “msiwaombe upesi. Wabishieni.”

Nikamwambia nitabisha mpaka sauti inikauke. Akaniomba nimfunike miguu, na kabla sijamaliza kuikunjua shuka alikuwa ameshalala.